Kutoka Kibokoni Hadi Ng'ambo ya Likoni: Safari ya Keki ya Harusi



Ndugu msomaji, wageni wanaokuja Mombasa huelekezwa kwanza Ngomeni, wakaonyeshwa kuta ambazo Mreno alianza kuzijenga mwaka 1593, kisha wakapitishwa Ndia Kuu kutazama roshani za mbao na milango ya nakshi. Ziara hiyo ni njema, lakini humwacha mgeni nje. Mji huu una upande mwingine ambao hauna bango wala kiingilio, nao ni upande wa jikoni. Humo wamo mama zetu na binti zetu ambao, tangu Alfajiri hadi usiku mkubwa, huoka, hupaka, hupamba na kupakia keki zinazokwenda kwenye harusi, akika, hitima za watoto wa madrasa na sikukuu za Idi. Juma hili nakuomba tufuatane katika ziara hiyo ya pili. Tutaanza Kibokoni, na tutaishia ng'ambo ya Likoni.

Mji wenye harufu ya iliki

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Rajabu, kaskazi imekaza. Wenyeji wa pwani wanajua kwamba Rajabu na Shaabani ni miezi ya pilikapilika, kwani kila mwenye kuoza hutaka amalize kabla ya Ramadhani kuingia. Dada yangu aliniarifu kwamba waokaji kiasi cha kumi wa mtaani wamezoea kukutana nyumbani kwake mara moja kwa mwezi, kila mmoja akaja na alichokijua na alichoshindwa nacho, na kwamba safari hii wana suala la sharia wangependa kuniuliza. Nikaitikia.

Nilipita Marikiti kwanza kununua iliki, kwa sababu si adabu kuingia nyumba ya wapishi mikono mitupu. Pale utakuta mdalasini, karafuu, kungumanga, arki za vanila na waridi, na sasa, pembeni ya magunia ya viungo, vichupa vya rangi za chakula vilivyopangwa kama wino wa maalim. Zamani rangi za dukani zilikuwa mbili tatu. Leo muuzaji huuliza, "Pinki ya namna gani, Sheikh? Ya waridi au ya machweo?"

Lakini asidhani mtu kwamba keki ni jambo geni kabisa kwetu. Kabla ya jiko la gesi lenye oveni kuingia nyumba hizi, bibi zetu walikuwa wakipika mkate wa mayai. Huo hauna siagi wala hamira ya unga: ni mayai, sukari, unga na iliki. Mayai na sukari hupigwa kwa mkono mpaka yageuke meupe na mazito, kisha unga ukachanganywa taratibu ili pumzi iliyonaswa isitoroke. Sufuria ikafunikwa kwa bati, makaa yakawekwa chini machache na juu mengi. Mwenye kuhukumu moto ule bila kipimo cha nyuzi ndiye aliyekuwa fundi. Nyanya aliyeketi pembeni ya baraza letu siku hiyo, ambaye umri wake umevuka miaka 80, aliwaambia wale vijana neno moja ambalo walilicheka, kisha wakaliandika: "Keki haiinuliwi na unga, wanangu. Inainuliwa na subira ya mkono."

Baraza la waokaji

Mimi na shemeji yangu tulikaa sebuleni, na wao wakakaa ukumbini, mlango kati yetu ukiwa wazi. Nilisikia kila kitu, na nilichokisikia kilinikumbusha darasa la mafundi waashi kuliko la wapishi.

Mpwa wangu ndiye aliyefungua mazungumzo, kwani siku ya pili yake alikuwa na keki ya ghorofa tatu ya kupeleka ng'ambo. Alieleza kwamba keki ndefu haisimami kwa utamu wake. Inasimama kwa msingi. Kila ghorofa lazima ikae juu ya kibao chake yenyewe, na chini ya kila kibao kuwe na nguzo zilizozama ndani ya keki ya chini hadi zigonge kibao cha chini yake. Uzito wa juu hubebwa na nguzo, si na keki. Asiyetia nguzo, keki ya juu humeza ya chini polepole, na ufa wa kwanza huonekana wageni wakiwa wamekwisha kukaa.

"Nguzo ngapi?" akauliza mmoja.

"Mimi, keki ya inchi sita nikiiweka juu ya ile ya inchi kumi, natia nne kwa mduara na moja katikati. Lakini idadi si kitu kama urefu haulingani. Tia ya kwanza, iwekee alama pale inapotokea juu, itoe, ukate zote kwa kipimo cha hiyo moja. Usipime kila moja peke yake, maana uso wa keki hudanganya."

Wengine hutumia vijiti vya mbao, wengine mirija minene ya plastiki, ile ya kunywea vinywaji vizito. Mirija ni mepesi kukata, na uwazi wake huruhusu keki kuingia ndani yake badala ya kusukumwa pembeni. Vijiti vya mbao ni imara zaidi kwa keki nzito za matunda. Kisha mpwa wangu akatoa mkobani kifaa kilichomfanya shemeji yangu ainuke kitini kuchungulia: pimamaji, ile ile ya fundi wa ujenzi, ndogo ya urefu wa kiganja. Huiweka juu ya kila ghorofa kabla ya kupandisha nyingine. "Upungufu mdogo chini," akasema, "ukifika juu umekuwa mnara unaoinama."

Baada ya msingi yakaja ya kuta. Niliyokusanya ni haya, nami nayaandika kwa sababu yanaweza kumfaa msomaji anayeanza:

Keki iokwe siku moja kabla, ipoe kabisa, ifungwe kwa plastiki na iingie kwenye friji. Keki ya moto haikatiki sawa, na krimu ikipakwa juu yake huteleza. Juu panapovimba pakatwe kwa kisu chenye meno au kwa uzi mgumu ulioshikwa pande mbili, ili tabaka lilale sawa juu ya tabaka. Kibaoni kwanza pakwe krimu kidogo, iwe kama gundi, keki isitembee.

Anayetia jamu au matunda katikati ya matabaka na aanze kwa kuzungushia ukingo wa krimu nzito, kisha jamu iingie ndani ya ukingo huo. Bila ukingo, uzito wa tabaka la juu huisukuma jamu nje, na keki ikatokeza tumbo kiunoni ambalo hakuna pambo litakalolificha.

Mpako uwe mara mbili. Wa kwanza ni mwembamba, kazi yake ni kuyakamata makombo, kama fundi anavyopiga lipu ya kwanza isiyo na urembo. Keki irudi kwenye ubaridi mpaka mpako ushike, ndipo wa pili upakwe kwa utulivu. Mwenye haraka akaruka mpako wa kwanza hujikuta anachanganya makombo na weupe hadi usiku.

Joto la kaskazi

Vitabu vingi vya keki vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hapo ndipo wanawake wa pwani hulazimika kuwa na elimu yao wenyewe. Siagi huanza kulegea mapema, na huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35 hivi. Mchana wa kaskazi Mombasa hufika huko huko. Maana yake ni kwamba krimu ya siagi tupu, iliyosimama imara kwenye picha, hapa kwetu ina saa chache za uhai nje ya friji.

Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Yuko anayechanganya nusu siagi na nusu mafuta magumu ya mimea, ambayo hustahimili joto zaidi, akakubali kupoteza kidogo ya ladha ili apate kusimama. Yuko aliyeiacha krimu hiyo katika miezi ya joto na kushika mchanganyiko wa chokoleti na malai: chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa malai sehemu moja, na ikiwa ni chokoleti nyeupe, sehemu tatu kwa moja, kwani nyeupe ni laini kwa asili yake. Yuko anayefunika kwa fondanti, lile tandiko la sukari linalosukumwa kama chapati. Huyo alionywa na wenzake: fondanti ikitoka kwenye ubaridi na kukutana na unyevu wa bahari hutokwa na jasho. Dawa yake ni kutoigusa. Iwekwe mbele ya feni, jasho litakauka lenyewe. Mwenye kuifuta kwa kitambaa huibakishia madoa.

Na kuna adui ambaye hakuna kitabu kilichomtaja, naye ni umeme kukatika. Mama mmoja alisema kwamba huzijaza chupa za plastiki maji, akazigandisha, na stima ikipotea huzipanga ndani ya friji kuizunguka keki na kuufunga mlango usifunguliwe tena. Mwanamke huyu hakusoma fizikia, lakini aliizungumza.

Koni ya hina na koni ya sukari

Katika wale kumi, watatu walikuwa wachoraji wa hina kabla ya kuwa waokaji. Nilidhani ni sadfa, nikaelezwa kwamba siyo. Koni ya karatasi inayomwaga hina kwenye mkono wa bibi harusi ndiyo koni inayomwaga sukari kwenye keki yake. Mbano wa kidole ni ule ule, na siri ni ile ile: ncha isikwaruze. Uzi wa sukari uinuliwe hewani kidogo, uuelekeze, kisha uulaze mahali pake. Mkono unaokwaruza hutetemeka. Mkono unaolaza hunyooka.

Hapo mji ukaingia kwenye keki. Binti mmoja alionyesha kitambaa alichonakili nakshi ya kizingiti cha mlango wa mtaani kwao, yale majani na mnyororo wa ukingoni, ili aizungushie keki ya akika. Mwingine hupanga keki ya mstatili kwa mpango wa kanga: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini, pale panapoandikwa maneno ya heri. Wapo wanaopamba kwa asmini na waridi halisi, wakizifunga mabua kwanza ili yasiguse keki. Nyanya akaonya kwamba si kila ua zuri ni ua la chakula. Oleanda, ule mti unaopandwa nyuani kwa ajili ya rangi yake, ni sumu, na haufai hata kuegemezwa kwenye sinia.

Kuhusu sanamu za watu na wanyama ambazo baadhi ya wateja huzitaka, wanawake hawa hawakuningoja. Wengi wao hujiepusha, na humpa mteja nakshi, maua au hati ya Kiarabu isiyo na jina la Mwenyezi Mungu, kwani jina Lake halipasi kukatwa kwa kisu na kubaki kwenye masahani. Niliona adabu hiyo ni ya kusifiwa, nami sikuwa na la kuongeza.

Nililoongeza ni kuhusu vilivyofichika. Jelatini imo kwenye fondanti nyingi na kwenye peremende za mapambo. Ikiwa haikuelezwa asili yake, ina shaka, na zipo badala zake za mimea. Rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutokana na mdudu, na wanazuoni wengi wameikataa. Arki ya vanila aghalabu huyeyushwa kwa pombe, wakati madukani zipo zisizokuwa nayo, hivyo hakuna dharura ya kuingia katika utata. Mwokaji ameaminiwa na midomo ya watu mia moja ambao hawatamuuliza. Amana hiyo ni kubwa kuliko keki.

Daftari la deni

Ndipo likaja suala nililoitiwa. Sauti ilikuwa ya mjane mwenye watoto wanne, mtulivu wa maneno.

"Sheikh, nilioka keki ya harusi Mfungo Sita. Tulikubaliana shilingi 18,000. Nilipewa 5,000, na vifaa vilivyobaki nilivikopa dukani. Keki ikaliwa, ikasifiwa, picha zikapigwa. Zile 13,000 hadi leo naambiwa harusi iliwagharimu sana, nisubiri. Mwenye duka hanisubiri. Karo ya mwanangu mkubwa nimempa yeye. Je, nikidai kwa sauti nitakuwa nimeivunja heshima ya watu?"

Ukumbi ulinyamaza. Nikajua kwamba hakuna hata mmoja mle ambaye hakuwa na hadithi kama hiyo.

Nilimjibu hivi, na nakujibu nawe msomaji ambaye huenda una keki uliyokula na hujailipa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia deni na kuliandika. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Aliyekuwa na uwezo wa kukodi ukumbi na wapiga picha hawezi kujiita muhitaji mbele ya mjane. Kwa hiyo, kudai haki si kuvunja heshima. Heshima imevunjwa na aliyeshika mali ya mwenziwe.

Kisha nikawaeleza namna ya kujikinga. Kuagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa si jambo lililokuja jana. Wanazuoni wetu walilipangia hukumu zamani. Wenzetu Wahanafi huliita istisnaa. Katika madhhebu yetu ya Kishafii huingia katika mlango wa salam, na sharti lake kubwa ni kwamba bei ilipwe yote pale pale mnapokubaliana, na kinachonunuliwa kielezwe kwa ukamilifu: ukubwa, ladha, rangi, siku, saa na mahali pa kufikishiwa. Tazameni hekima yake. Mnunuzi analindwa kwa maelezo, muuzaji analindwa kwa malipo, na hakuna anayemtazama mwenziwe kwa jicho la shaka siku ya furaha.

Mmoja akasema, "Sheikh, tukidai yote mwanzoni wateja watakwenda kwa mwingine." Hapo dada yangu akadakia kutoka ukumbini: "Huyo mwingine ni nani kama si sisi tuliokaa hapa?"

Ilikuwa kweli. Wanaojiumiza kwa bei ni wao wenyewe. Tukachukua karatasi tukapiga hesabu ya keki moja ya kawaida ya akika. Tuseme vifaa ni shilingi 3,500, gesi na kasha 500, usafiri 400. Jumla ni 4,400. Aliyekuwa akiiuza kwa 5,000 ili asipoteze mteja alibakiwa na 600, na kazi ilimchukua saa kumi. Ni shilingi 60 kwa saa, kabla ya kuhesabu mashine inayochakaa na mgongo unaouma. Yule binti aliyeuza kwa bei hiyo aliitazama karatasi muda mrefu. "Kumbe," akasema taratibu, "nimekuwa nikiwapa watu sadaka bila ya kutia nia."

Waliafikiana mambo matatu kabla ya Magharibi. Kila agizo litaandikwa katika daftari na kutiwa saini na pande mbili. Malipo yatatimia kabla ya unga kupimwa. Na hakuna atakayepokea agizo la mteja anayejulikana kuwa na deni la mwenzao. Nyanya na dada yangu wakajitolea kufuatana na mjane hadi kwa mama wa yule bibi harusi, wakiwa na hesabu mkononi na lugha nzuri mdomoni. Hadi ninapoandika makala haya zimelipwa shilingi 6,000. Zimebaki 7,000, nazo zina tarehe.

Kuvuka kivuko

Asubuhi ya Jumapili tukaondoka na keki: mpwa wangu, mama yake, nami. Ghorofa tatu zilikuwa katika makasha matatu, kwa kuwa keki ndefu haisafirishwi ikiwa imesimama. Hayakuwekwa kwenye viti, kwani kiti cha gari kimeinama nyuma na keki hulala upande. Yaliwekwa chini, mahali palipo sawa, juu ya mkeka wa mpira usioteleza, kipozahewa kikivuma tangu nusu saa kabla ya kupakia.

Mpwa wangu alikuwa ameuliza habari za maji kabla ya kupanga saa ya kuondoka. Nikastaajabu: keki na bamvua vina uhusiano gani? Akaniambia nitaona. Pale Likoni gari hushuka mteremko hadi kwenye kivuko na kupanda mwingine upande wa pili, na maji yakipwa mteremko hurefuka. Tulifika maji yakiwa yamejaa. Tukashuka kwa mwendo wa kobe, huku wapita kwa miguu wakimiminika pembeni na mizigo yao, na wa nyuma yetu akipiga honi. Yule binti hakugeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kasha la chini, kama mama anayempapasa mtoto aliyelala. Mlango wa bahari ule huvukwa kwa dakika chache, lakini siku ile niliuona mpana.

Tulipofika, wanawake waliingia ukumbini kwao, nami nikakaa nje na wazee. Kazi ya kupandisha ghorofa ilichukua chini ya saa moja. Mkobani alikuwa na krimu ya akiba, kisu bapa, pimamaji, na maua machache ya sukari ya kufunika penye kasoro, kwani fundi mwenye akili husafiri na dawa ya ajali ambayo haijatokea. Dada yangu alitoka kunipa habari: imesimama wima, na nakshi yake ni ya mlango wa Mji wa Kale.

Urefu ni kwa ajili ya nani?

Njiani kurudi nilimuuliza mpwa wangu kuhusu jambo nililolisikia barazani, la ghorofa za uongo. Akanieleza bila kuficha. Wapo wateja wanaotaka keki ndefu kwa fedha kidogo. Mwokaji huchonga povu gumu jepesi, lile linalokuja na kasha la runinga, akalipaka na kulipamba, ghorofa moja tu ikawa keki. Wageni hulishwa kutoka sinia la keki ya kawaida lililokatwa jikoni.

Mnunuzi akijua anachokinunua, hapo hapana udanganyifu katika biashara. Lakini mimi nina swali kwa familia zetu. Ghorofa ambayo haimlishi mtu imejengwa kwa ajili ya nani? Na ikiwa ni keki tupu ya ghorofa tano, ambayo nusu yake hutupwa kesho yake kwa kuwa imechacha na joto, tofauti yake ni nini? Aya ya 31 ya Suratul A'raf imeruhusu kula na kunywa na kujipamba, na papo hapo ikakataza israfu. Pambo halikuharamishwa. Kilichokatazwa ni kupita mpaka.

Basi shauri langu ni jepesi. Mwenye harusi ahesabu wageni kwanza, ndipo ahesabu ghorofa. Amweleze mwokaji idadi ya watu na uwezo wake kwa ukweli, kwani mafundi hawa wanajua kuifanya keki ndogo ikajaza macho. Zikitayarishwa mapema bahasha za karatasi, kitakachobaki kifike kwa majirani na kwa watoto wa madrasa usiku ule ule, kabla joto halijakifikia. Na aliyeoka alipwe kabla ya kisu kugusa keki.

Enyi mama na binti mnaooka, kazi yenu ni ya heshima. Mtume ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, na kuikata nguzo kwa kipimo kilicho sawa ni katika huo wema, ijapokuwa hakuna mgeni atakayeiona ndani ya keki. Pimeni kwa haki, andikeni mapatano yenu, msile haki ya mteja na msiache haki yenu iliwe.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zinazoanza ndoa katika miezi hii, ayalainishe mioyo ya wenye madeni wayalipe, na atufikishe Ramadhani tukiwa wazima. Amin.